Fuawe Lisilopimwa

Mtu akiingia dukani kwangu na tabasamu kabla ya salamu, najua amekuja kughushi. Nina duka la steshenari hapa Majengo, Sumbawanga, na huu ni mwaka wa kumi na sita. Natoa fotokopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, na kila mwezi hawakosekani wawili watatu wa kuniomba nibadilishe jina kwenye cheti cha kidato cha nne, au nihamishe muhuri kutoka karatasi hii kwenda ile. Nawafukuza. Wengine ni ndugu zangu wa damu, nao nawafukuza vilevile. Mke wangu Gaudiosa husema kwamba Mungu alinipa roho ya polisi akaisahau sare. Sikatai. Karatasi ya uongo naisikia harufu kabla sijaisoma.

Lakini habari hii ni ya baba yangu mdogo, Alois, mhunzi wa kijiji kimoja njia ya Kaengesa, ambaye marehemu baba yangu alimtangulia kuzaliwa. Nimeanza na tabia yangu kwa sababu ndiyo iliyomponza.

Alois ana miaka sabini na mitano. Ni mwembamba, nyusi zake zimeungua na moto hazioti tena, na mikono yake imejaa madoa meusi ya cheche. Anatengeneza majembe, mashoka na miundu. Madukani yamejaa majembe ya kiwandani ya bei nafuu, lakini watu wa kijijini humrudia yeye, kwa sababu jembe la kiwandani likigonga jiwe la Ufipa linakunja shingo. Hana maneno mengi, na akikutana na mtu mwenye maneno mengi humtazama viatu mpaka mtu huyo aondoke. Akikuuzia shoka atakuuliza unakwenda kukata mti gani. Ukijibu haraka sana, atakuambia urudi kesho.

Karakana yake ni paa la bati juu ya nguzo sita, haina kuta. Katikati kuna tanuru na mivukuto, na mbele ya tanuru kuna gogo ambalo juu yake limelazwa fuawe, chuma anachofulia vyuma vingine. Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, Alois huvua kofia, huliangalia lile fuawe na kusema, "Shikamoo." Hungoja kidogo, kisha hurudisha kofia kichwani na kuanza kazi. Nilipokuwa mtoto nilidhani kila mhunzi duniani hufanya hivyo.

Fuawe lenyewe si la kihunzi. Ni kipande cha kifaru cha vita. Kifaru hakina matairi. Hutembea juu ya minyororo miwili mipana ya chuma, na mnyororo umeungwa pingili kwa pingili kama muwa. Chuma cha Alois ni pingili moja. Uso wake ni tambarare, isipokuwa sehemu moja ambapo pameinuka ukuta mdogo wa chuma unaokatiza kutoka upande hadi upande. Juu ya ukuta ule ndipo majembe yetu hukunjwa shingo. Nimekua nikiulalia kidevu nikitazama moto, na hata leo nikifumba macho naweza kukuchorea pingili ile.

Namna ilivyofika Ufipa, sisi watoto tuliisikia hivi. Babu yangu Yonas alikuwa na kaka yake, Marselino. Mwaka arobaini na moja Waingereza walipokusanya vijana wa vita, Marselino alichukuliwa. Barua yake moja ilifika kwa mkono wa padri, ikasema yuko Misri kwenye karakana ya vifaru vizito vya Waingereza. Barua ya pili haikuja. Vita viliisha, wenzake wakarudi na makoti yao, yeye hakurudi. Mwaka arobaini na nane mama yao alimtuma babu Yonas akamtafute. Babu alikaa huko alikokwenda miaka miwili. Akarudi kwa meli kutoka Kigoma hadi Kasanga, akaupanda mlima kwa miguu na chuma begani, akaja kumlaza mama yake chuma kile miguuni. Alisema Marselino yu hai, Waingereza bado hawajamwachia, na kwamba ameitoa pingili hii kwenye kifaru chake mwenyewe iwe amana mpaka siku atakayorudi. Tangu hapo chuma kikaitwa Marselino, nacho kikawa na mwiko mmoja tu: hakipimwi.

Mwiko ule ulikuwa na maana kwetu. Fundi cherehani humpima mtu aliyesimama, na mtu huyo huishi miaka mingi baadaye. Aliyelala hupimwa mara moja tu, kwa utete, unyasi mrefu wa mtoni, ili wachimbaji wajue urefu wa kaburi. Mtoto aliyecheza kumpima mwenzake amelala alichapwa. Na mama yake Marselino alisema mwanawe hajafa, kwa hiyo chuma chake kisiwekewe utete, wala kamba, wala shubiri ya mkono. Bibi yule alikufa mwaka sitini na tisa akiwa bado anamngoja. Mwiko ukabaki.

Sasa niseme ya gemu, nawe usinicheke. Mteja wa fotokopi haji kila dakika, na mtu mzima wa miaka arobaini na sita hawezi kukaa anatazama barabara kutwa nzima. Kwenye laptop ya dukani nina gemu la vifaru. Wachezaji wako duniani kote, na vifaru vyote vya zamani vimo, kila kimoja kimechorwa kwa kufuata kifaru cha kweli. Mimi nina kimoja tu: kifaru kizito cha Waingereza, kirefu, kizee, chenye magurudumu madogo kumi na moja kila upande. Nilikichagua kwa sababu ya Marselino. Wenzangu wanacheza kwa kupiga mizinga. Mimi nilianza kwa kutafuta makosa.

Na makosa yalikuwepo. Kifaru changu kilikuwa kinateleza kwenye mlima ambao hata fuso ya mahindi inaupanda. Nilitafuta kitabu cha zamani cha mafundi wa jeshi lao, nikala bando la mwezi mzima kukipakua, nikasoma usiku na mchana kwa kamusi pembeni. Kilisema wazi kwamba kifaru kile kilikuwa kizito na cha polepole, lakini mlimani hakikuwa na mpinzani. Nikawaandikia wenye gemu. Wakakaa kimya miezi mitatu, kisha gemu lilipofanyiwa marekebisho, kifaru kikapanda. Kwenye orodha ya shukrani waliandika jina langu, Teodori, na Sumbawanga. Niliichapa karatasi ile kwa rangi nikaibandika ukutani dukani. Ni karatasi pekee ukutani kwangu ambayo sikuwahi kuitilia shaka.

Basi nikapata ujasiri wa kuwaambia kosa la pili, ambalo ndilo lililokuwa likinikera tangu siku ya kwanza. Pingili za mnyororo wao hazikuwa na ukuta. Niliwaandikia kwamba pingili ya kweli ina ukuta unaokatiza katikati, na kwamba mimi ninayo ya kweli, nimekua nayo. Nikawaeleza habari za Marselino. Nikawaomba kwamba wakisahihisha, safari hii wasiandike jina langu kwenye orodha, waandike la kwake. Hakuna jiwe popote lenye jina la mtu yule. Nilitaka liandikwe mahali, hata kama ni ndani ya gemu.

Alinijibu mwanamke mmoja ambaye ndiye mtaalamu wao wa historia. Alisema akipata ushahidi wa kutosha ataandika jina la Marselino kwa furaha. Alitaka picha za pande zote sita, urefu, upana, unene, uzito, na alama yoyote iliyogongwa kwenye chuma. Niliisoma barua ile mara nne nikitafuta ndoano. Kwa nini upande wa chini? Kwa nini uzito? Mtu wa Ulaya anataka kujua uzito wa chuma cha babu yangu, na hajasema anataka cha nini zaidi ya kuchora. Niliamini nusu tu, lakini jina la Marselino lilikuwa limeshanivuta.

Kwa kuwa sina mizani, nilikwenda kwa jirani yangu Azizi, mwenye duka la nafaka, kuazima ile yake ya kuning'iniza. Aliuliza napima nini. Nikasema chuma. Akauliza chuma gani cha kupimwa kwa siri. Nikamwambia si siri. Hapo nikajua nimeshaharibu, maana mtu hasemi si siri ila kwa jambo la siri.

Nilifika kijijini siku ya Jumatano. Baba mdogo alikuwa anakunja jembe. Nilimsalimia, nikangoja amalize, kisha nikamwambia shida yangu bila kuizungusha: nataka kumpima Marselino.

Aliweka nyundo chini. "Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma, baba mdogo."

"Kila anayepima ametumwa."

Nilifungua laptop nikamwonyesha. Alikitazama kifaru kikipanda mlima kwa muda mrefu, kisha akauliza ndani yake yumo nani. Nikasema hamna mtu, ni picha tu, naiendesha mimi. Akasema kifaru kisicho na mtu kinatafuta nini kwa mtu wake. Nikaeleza habari ya ukuta, ya orodha ya shukrani, ya jina kuandikwa watu wa dunia nzima walisome. Nilipotaja jina, akainua macho akamtazama mkewe, mama mdogo Kristiana, aliyekuwa anapepeta ulezi karibu na mlango wa nyumba. Wakatazamana mara moja tu. Lakini mimi uso ule naujua. Nimeuona miaka kumi na sita upande wa pili wa meza yangu: ni uso wa mtu mwenye karatasi ya uongo mfukoni.

Akasema chuma hakipimwi, na mazungumzo yakaishia hapo. Alinipa kuku nimpelekee Gaudiosa, na njia nzima kuku yule aligugumia kwenye mfuko huku mimi nikiwaza. Mzee huyu ana jambo. Amepata mteja. Atauza fuawe kwa watu wa vyuma chakavu, au ameshaliuza, na mwiko ni pazia tu.

Wiki iliyofuata Azizi alinivuta pembeni. "Mshikaji, mbona umenificha? Nasikia chuma cha mzee ni cha Mjerumani, kina zebaki ndani."

Nilimuuliza amesikia kwa nani. Akasema mji mzima unajua. Mji mzima maana yake ni yeye. Hapa kwetu chuma chochote cha zamani kina mali ya Mjerumani ndani, iwe cherehani, redio au kengele ya kigango. Watu wameuza ng'ombe kutafuta zebaki hiyo na sijamwona hata mmoja aliyeipata. Siku mbili baadaye mama mdogo alinipigia simu. Watu watatu wageni walikuja kijijini na gari, wakiwa na kioo na vitunguu saumu, kwa sababu wanasema zebaki haionekani kwenye kioo na hukimbia kitunguu saumu. Waliomba kumwonyesha Marselino kioo. Baba mdogo aliwafukuza kwa koleo lenye chuma chekundu mdomoni. Baada ya kusema hayo mama mdogo akauliza taratibu, "Teodori, umewatuma wewe?"

Niliapa. Lakini nilipokata simu, nami nilimshuku baba mdogo. Nilijiuliza kama kweli aliwafukuza, au walikubaliana bei na hadithi ya koleo ni ya kunifumba macho. Ndivyo tulivyokuwa: mzee ananishuku, namshuku, Azizi anatushuku sote, na chuma kimelala juu ya gogo lake hakimshuku mtu.

Nikaamua kuiba vipimo. Sina neno zuri zaidi. Jumapili niliondoka na pikipiki nikafika wakati wa misa, watu wote wakiwa Kaengesa. Jua lilikuwa kali na karakana iko wazi pande zote, na hata hivyo nilitembea kwa kunyata. Nikaweka futi ya chuma juu ya Marselino. Urefu, milimita mia nne na ishirini. Upana, mia moja na hamsini. Nikapima na ukuta. Nikajiambia mimi ni mtu wa mjini na chuma ni chuma. Kisha nikakinyanyua kutoka kwenye gogo na kukitundika kwenye mizani ya Azizi. Kilo kumi na tisa. Nikakilaza chini kifudifudi juu ya majivu, uso wa kazi chini na tumbo juu, na pale tumboni, ambapo hapajaonwa tangu babu akiweke, palikuwa na herufi na tarakimu zilizogongwa. Nilipiga picha haraka.

Nilipogeuka, mama mdogo alikuwa amesimama. Goti lilimzuia kwenda misa. Alikuwa ameweka mikono yote miwili kichwani.

"Simchukui, mama mdogo," nikasema. "Nimemaliza. Namrudisha."

"Umempima amelala," alisema. Nilikirudisha chuma juu ya gogo, nikawasha pikipiki, na sikumbuki niliaga vipi.

Nilituma picha na vipimo siku ileile. Baba mdogo hakunipigia. Nilingoja anitukane, hakunitukana. Nikasikia kwa mtu wa kijijini kwamba karakana haijawashwa moto. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Watu waliopeleka majembe waliambiwa warudi wakati mwingine. Badala ya kusikitika, nilizidi kushuku: mtu asiye na jambo hafungi kazi. Najisikia aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyowaza.

Jibu la Ulaya lilikuja Alhamisi saa nne asubuhi. Mtaalamu alinishukuru kwa upole mwingi. Akasema pingili yangu si ya kifaru kile kizito cha Waingereza. Ya kile ni nyembamba zaidi na haina ukuta, kama ilivyo kwenye gemu. Hii ni ya kifaru cha Kimarekani. Na zaidi ya hapo, haikuwahi kukaa kwenye kifaru cha vita. Alama zilizogongwa tumboni ni za baada ya vita, mwaka elfu moja mia tisa arobaini na nane, vifaru vya zamani vilipogeuzwa kuwa matrekta. Ukuta uliunganishwa kwa kuchomelewa ili trekta lishike udongo. Matrekta ya namna hiyo yalipelekwa Tanganyika, kwenye mashamba ya karanga ya Kongwa. Aliuliza kama kuna mtu wa ukoo wetu aliyefanya kazi huko.

Nilifunga mlango wa duka mchana kweupe. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, upande ambao hukaa wale ninaowafukuza. Miaka kumi na sita nanusa vyeti vya watu, na waraka wa kughushi mkubwa kuliko wote ulikuwa na uzito wa kilo kumi na tisa na nilikuwa nimeulalia kidevu tangu utotoni. Babu Yonas hakufika kwa Marselino. Alikwenda kulima karanga. Nilikasirika mpaka meno yakauma.

Nilipofika kijijini nilimkuta baba mdogo amekaa karakanani, tanuru limepoa, kofia iko magotini. Nilimsomea barua nikiitafsiri sentensi kwa sentensi, kwa sauti ya hakimu. Hakushangaa popote. Nilipofika kwenye Kongwa aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia jina la kijiji cha wakwe zake.

"Ulijua," nikasema.

"Tangu mwaka themanini na saba. Yonas aliniambia siku mbili kabla hajafa."

Akanieleza, na hii ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema kwa kirefu. Babu alipoondoka, mama yake alimwambia, usiniletee maneno, niletee kitu. Alikwenda Kongwa kwa sababu alisikia kwamba askari wengi waliorudi wameajiriwa huko kuendesha matrekta, naye alitaka kuwauliza mmoja mmoja. Aliuliza mwaka mzima. Mwishoni alimpata mtu aliyefanya kazi karakana moja na Marselino huko Misri. Mtu yule alimwambia Marselino alikufa kwa homa mwaka arobaini na tatu, wakamfukia mchangani pamoja na wengine. Hakuwa na nguo yake, wala kofia, wala kifungo cha koti. Babu akawa na maneno tu. Alikaa mwaka mwingine akiogopa kurudi nayo. Kisha trekta moja likafa, akaona pingili imetupwa, naye ni mtoto wa ukoo wa wahunzi, anajua chuma kizuri. Akaibeba.

"Alitaka amwambie mama yake kwamba pingili ni ya kuzikwa badala ya Marselino," baba mdogo alisema. "Alipofika, mama yake akauliza jambo moja: yu hai? Yonas akaona uso wake. Akasema yu hai."

Hasira yangu ilikuwa imeanza kunitoka, lakini nikaing'ang'ania. Nilimuuliza kwa nini alininyima ukweli, kwa nini asiniambie tu siku ile ya Jumatano, badala ya kunificha nyuma ya mwiko.

Alinitazama viatu. Hajawahi kunitazama viatu maishani mwangu.

"Wewe?" akasema. "Unayefukuza ndugu zako dukani kwa sababu ya muhuri? Ningekuambia kwamba baba yangu alighushi mtu mzima, ungemfanya nini Yonas?"

Nililia pale, mbele ya tanuru lililozimika, mtu mzima na laptop mapajani. Nililia kwa ajili ya babu aliyebeba uongo ule mlimani kwa bega, na kwa ajili ya mzee huyu aliyeamka kila siku miaka karibu arobaini akamsalimia maiti ili asife. Niliona pia kwamba miaka yote nilikuwa najisifu kwa pua yangu, na mzee huyu alikuwa akiiogopa.

Mama mdogo alileta togwa. Tukanywa. Baadaye nikamwomba baba mdogo radhi, na nikamuuliza kama atawasha moto kesho.

"Nifulie juu ya nini?" alisema. "Umempima. Aliyepimwa hulazwa."

Nilirudi mjini nikamjibu yule mwanamke. Niliandika kwamba kifaru chenu ni sahihi, msiongeze ukuta, kosa lilikuwa kwetu. Nikaandika kwamba ndiyo, yupo mtu wetu aliyefanya kazi Kongwa, na anaitwa Yonas. Lile jina nililowaomba waliandike, wasiliandike. Tutaliandika wenyewe huku. Alijibu siku hiyohiyo kwamba anasikitika. Safari hii sikutafuta ndoano.

Tulimzika Marselino Jumamosi, karibu na mama yake. Watu wengi walikuja kuliko nilivyotegemea, na sidanganyi, nusu yao walikuja kuona kama ni zebaki inafichwa. Azizi alikuwepo, amevaa kanzu safi, amesimama mbele kabisa. Baba mdogo aliyajua hayo. Alikibeba chuma mwenyewe mikononi, akakizungusha taratibu mbele ya kila mtu, juu na chini, mpaka waliokuja kutazama wakachoka kutazama. Kisha akakilaza juu ya mkeka. Mwalimu wa dini alisali. Alama ya mbao niliichapa mimi jina, nikaibandika chini ya plastiki: Marselino, alikufa Misri, 1943. Nimeisoma mara nyingi na haina harufu. Mimi ni mimi, kwa hiyo nilikuwa nimekuja pia na mfuko wa saruji wa kufunika juu, maana zebaki ikishaingia kwenye kichwa cha mtu haitoki kwa misa moja.

Wachimbaji wawili walisimama na majembe, yaliyofuliwa juu ya chuma kilekile, wakauliza vipimo. Baba mdogo akanigeukia. Nikatoa mfukoni karatasi niliyoiandaa kwa ajili ya Ulaya nikaanza kusoma, milimita mia nne na ishirini kwa mia moja na hamsini. Wachimbaji wakatazamana.

"Weka karatasi," baba mdogo alisema. Alikuwa na utete mkononi, mbichi, umekatwa asubuhi ile. Akanipa. "Mpime kama mtu."

Akavua kofia. Nikapiga magoti kwenye mkeka. Sikuwahi kumsalimia hata siku moja, hata nilipokuwa mtoto, nilikuwa nikimtazama baba mdogo tu. Nikasema shikamoo, babu. Nikangoja kidogo, kama nilivyoona ikifanywa. Kisha nikaulaza utete juu yake kutoka ncha hadi ncha, nikaukata kwa ukucha pale alipoishia, nikawapa wachimbaji.